Si ulafi: upasuaji wa tumbo unavyotufunza maana ya njaa

Kiswahili hakikosi maneno ya kumtajia mtu mnene. Tunaye kiribatumbo, ambaye tumbo lake limefananishwa na kiriba cha maji, tunaye tipwatipwa, na vijana wa leo wana bonge lao. Lugha hiyo hiyo hutenga kunenepa na kunona: binadamu hunenepa, mnyama hunona. Ng'ombe akinona mchungaji husifiwa, lakini mtu akiambiwa amenona, msemaji huwa amekwisha kumpeleka zizini. Maneno haya, pamoja na kejeli yake, yana uaminifu mmoja: yanaeleza umbo. Neno ninalotaka kulishtaki leo halielezi umbo. Ni neno "ulafi".

Ulafi ni tabia. Mlafi ni mtu alaye kupita kiasi kwa kukosa adabu ya kula, awe mnene au mwembamba kama ufito, na kila mmoja wetu anamjua mwembamba mmoja ambaye huogopwa kwenye sinia la harusi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku, na kwa masikitiko makubwa zaidi katika madarasa yetu, neno hili la tabia limebandikwa juu ya umbo. Tukimwona mtu mnene mno, tunaijua sababu kabla ya kuiuliza. Hoja yangu ni kwamba ushahidi upo wa kutuonyesha tunakosea, na sehemu yake iliyo wazi zaidi imetoka kwa watu waliokatwa matumbo na madaktari.

Kazi yangu hunipeleka kila mwaka katika shule za Kericho na Bomet kuwakagua wanafunzi wetu wa chuo kikuu walio katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja iliyo katikati ya mashamba ya chai nilikaa nyuma ya darasa la gredi ya nane, somo likiwa nomino dhahania. Mwalimu aliomba mifano katika sentensi. Mvulana mmoja akasimama akasema, "Ulafi humfanya mtu awe mnene." Darasa zima likageuka kumtazama msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha. Mwalimu akaiandika sentensi ubaoni na kuitilia alama ya vema, kwa kuwa sarufi yake ilikuwa safi. Msichana yule hakuinua mkono tena mpaka kengele ilipolia. Baada ya kipindi nilimweleza mwalimu mwanagenzi kwamba upatanisho wa kisarufi haukuwa na kasoro, bali elimu iliyomo ndani ya sentensi ndiyo iliyokuwa mbovu. Alinijibu kwa heshima, "Lakini Daktari, si ndivyo ilivyo?"

Swali hilo lastahili jibu refu.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe si la huku. Hii ni nchi ya wakimbiaji. Wilson Kiprugut Chuma, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, ile ya shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka wa 1964, alikuwa mwana wa Kericho. Isitoshe, mchumaji wa majani chai aliyepanda na kushuka miteremko tangu alfajiri, kikapu mgongoni, hana nafasi ya kunenepa. Lakini miguu ya leo si ile ya 1964. Kutoka Litein hadi Kapkatet, au kutoka Mogogosiek hadi kituo cha kununulia majani, watu sasa hupanda bodaboda. Katika mashamba makubwa mashine zimechukua kazi za mikono mingi, na mwezi wa Mei mwaka wa 2023 waandamanaji waliziteketeza baadhi yake huko Kericho kwa hasira ya kunyang'anywa riziki. Ugomvi ule ulihusu ajira, wala sidai kwamba mashine huwanenepesha watu. Nasema tu kwamba kazi iliyokuwa ikichoma chakula cha watu inapungua, ilhali sukari katika chai haijapungua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Wengi wao wamezidi kidogo tu. Wale ambao unene wao umefikia kiwango cha ugonjwa mkali ni wachache, na ndio ninaowazungumzia.

Sasa tuje kwenye upasuaji. Mwaka wa 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, daktari Edward Mason alianza kuwapasua watu wanene mno kwa njia mpya. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hukonda na kubaki hivyo, hata wakitamani kunenepa. Kutokana na fikira hiyo ulizaliwa upasuaji wa kuunganisha, ambamo daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, kisichozidi ukubwa wa yai, kisha akakiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini zaidi, chakula kikapita pembeni bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Aina ya pili, ambayo siku hizi ndiyo inayofanywa kwa wingi zaidi duniani, ni ya kulikata tumbo kwa urefu na kuondoa kiasi cha asilimia 80, likabaki jembamba kama mkono wa shati.

Msomaji atasema: basi, tumbo limekuwa dogo, chakula kinachoingia ni kidogo, mtu akakonda, hapo pana siri gani? Hiyo ndiyo sitiari ya kiriba, na madaktari wenyewe waliitumikia kwa miaka mingi. Kiriba kikipunguzwa, maji hupungua. Laiti mwili ungekuwa kiriba, mtu aliyefanyiwa upasuaji angekaa mezani akiteseka kwa njaa na kifuko chake kidogo kikimzuia. Angekuwa kama mfungwa anayetazama chakula kupitia dirishani. Lakini sivyo wanavyosimulia wagonjwa. Wengi wao husema kwamba njaa yenyewe ilipungua, na kwamba chakula walichokiota usiku na mchana kiliacha kuwaita.

Lazima tutazame kwanza yanayompata mtu anayejikondesha bila upasuaji, kwa kujinyima tu. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema waliojitolea, ili ajifunze namna ya kuwasaidia wahanga wa njaa ya vita. Vijana wale hawakukonda tu. Fikira zao zote zilihamia kwenye chakula. Walizungumza juu yake, walikusanya maelezo ya mapishi, wakawa wakali na wenye huzuni. Hawakuwa walafi walipoingia, wala hawakugeuka kuwa watu wabaya. Akili zao zilitekwa na miili yao. Wahenga wetu hawakuhitaji maabara kulijua hili: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Methali hiyo inakubali kwamba tumbo linautawala moyo na akili, jambo ambalo neno "ulafi" linalikana.

Yaliyompata kijana mwembamba wa Minnesota humpata pia mtu mnene, hata kama bado ana akiba kubwa ya mafuta mwilini. Wataalamu wa Australia walichapisha mwaka wa 2011 habari za watu waliokondeshwa kwa chakula hafifu kwa majuma 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado zimepanda na zile za shibe zimeshuka, kana kwamba mwili ulikuwa ukiwadai uzito uliopotea. Mwaka wa 2016 ikatoka habari ya watu 14 walioshiriki katika shindano la televisheni la kujikondesha nchini Marekani. Miaka 6 baada ya shindano, umetaboli wao, yaani jinsi mwili unavyochoma chakula na kukigeuza kuwa nguvu, ulikuwa umepungua kwa takriban kilokalori 500 kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Hizo ni kama chapati mbili kila siku ambazo mtu mwingine angezila bila kunenepa, nao hawawezi. Tunapomwambia mtu kama huyo ajitie nidhamu, tunamtaka apigane na mwili wake siku zote za maisha yake, bila likizo.

Ziko homoni mbili ambazo mwanaisimu hawezi kuzipita bila kusimama. Ya kwanza ni leptini, iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York mwaka wa 1994. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "-embamba". Hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ilidhaniwa kwamba watu wanene wameikosa. Ikaonekana kwamba wengi wao wanayo tele, ila ubongo hauisikii. Ya pili ni ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka wa 1999, na jina lake lilitolewa katika mzizi wa lugha ya kale inayokisiwa kuwa mama wa lugha nyingi za Ulaya na Bara Hindi, mzizi wenye maana ya kukua. Hutengenezwa hasa katika sehemu ya juu ya tumbo. Hupanda kabla ya chakula na kushuka baada yake. Hiyo ndiyo kengele ya njaa.

Mwaka wa 2002 David Cummings na wenzake wa Marekani walilinganisha makundi mawili. Waliojikondesha kwa kujinyima, ghrelini yao ilipanda. Waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha, ingawa walikuwa wamekonda zaidi, ghrelini yao ilikuwa chini sana. Tafiti nyingine za baadaye hazikuafikiana kuhusu ghrelini baada ya upasuaji wa kuunganisha, na ni haki kulisema hilo. Lakini katika upasuaji wa kukata tumbo kwa urefu jambo liko wazi zaidi, kwa kuwa sehemu inayoondolewa ndiyo hasa kiwanda cha homoni hiyo.

Fauka ya hayo, chakula kinapofika upesi katika utumbo wa chini, utumbo humwaga kwa wingi homoni za shibe. Mojawapo, iitwayo GLP-1, huihimiza kongosho kutoa insulini na huuambia ubongo kwamba mlo umetosha. Sindano za kila wiki zinazotajwa sana siku hizi, za dawa ya semaglutide, ni mwigo wa homoni hiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2021 waliozitumia walipoteza kwa wastani kiasi cha asilimia 15 ya uzito wao; na walipofuatiliwa baada ya kuziacha, thuluthi mbili za uzito uliopotea zilirudi katika mwaka mmoja. Nauliza: ikiwa hamu ya kula hupungua kwa sindano na kurudi sindano inapokoma, tabia mbaya ilikuwa imejificha wapi muda wote huo?

Nimefika sasa kwenye ubongo, na hapa Kiswahili chetu kina la kuchangia. Tunayo njaa na tunao uchu. Njaa ni dai la mwili: mtu mwenye njaa atakula hata kiporo cha ugali kisicho na mboga. Uchu ni hamu ya kitu mahsusi, kama mtu aliyeshiba ugali lakini roho yake ikawa bado inaitaka nyama. Wataalamu wa ubongo nao hutenga njia mbili. Iko ile ya haipothalamasi, sehemu ndogo yenye ukubwa wa lozi chini ya ubongo, inayopima akiba ya mwili na kuamuru kula au kuacha. Na iko ile ya raha, inayotumia kemikali iitwayo dopamini, inayotufanya tukitamani kitu kabla hata ya kukionja. Ya kwanza ni njia ya njaa, ya pili ni ya uchu. Njia hizi huungana na kuchanganyika, lakini tofauti ambayo mama mmoja wa Lamu au wa Sotik huifanya jikoni kwake bila kufikiri ni tofauti ya kweli.

Je, upasuaji hugusa ipi? Inaonekana hugusa zote mbili. Watafiti wa London walichapisha mwaka wa 2014 matokeo ya kuwapima watu bongo zao huku wakitazama picha za vyakula. Waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha walionyesha mwitikio mdogo zaidi katika sehemu za raha kuliko wale waliofungwa mpira kuzunguka tumbo, njia ambayo hufanya tumbo liwe dogo lakini haibadili mkondo wa chakula. Matumbo ya makundi yote mawili yalikuwa yamebanwa. Uchu ulikuwa umepungua zaidi kwa mmoja kuliko kwa mwenzake. Sitiari ya kiriba haiwezi kulieleza jambo hilo.

Iko jozi nyingine: shibe na kinaa. Shibe ni ya tumbo. Kinaa ni ya moyo; aliyekinai hataki zaidi hata kama nafasi ipo. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, anayefundisha upande wa Bureti, alifanyiwa upasuaji jijini Nairobi baada ya miaka mingi ya kisukari na magoti yaliyokataa kupanda vilima vya huko. Aliniambia, "Daktari, zamani nilikuwa nikishiba lakini sikinai. Sasa nawapikia watoto chapati, naonja moja, nakinai." Sijaona katika kitabu chochote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Mwalimu huyu aliwaambia wenzake kwamba alikuwa ametolewa mawe ya nyongo. Aliogopa kuambiwa kwamba amepita njia ya mkato. Na siri ilipovuja, ndivyo alivyoambiwa, tena katika chumba cha walimu.

Kisukari nacho kina hadithi yake. Mwaka wa 1995 daktari Walter Pories wa North Carolina alichapisha habari za wagonjwa 608, akionyesha kwamba wengi wa wale waliokuwa na kisukari cha ukubwani walirudi kwenye kiwango cha kawaida cha sukari baada ya upasuaji, baadhi yao katika siku chache, kabla uzito haujapungua sana. Kwa muda wengi waliamini kwamba kuna nguvu ya pekee ndani ya utumbo uliogeuzwa njia. Mwaka wa 2020 utafiti mdogo wa watu 22 wenye kisukari ulilinganisha waliopasuliwa na waliokondeshwa kwa chakula kwa kiwango kile kile cha asilimia 18 ya uzito. Manufaa ya umetaboli yalikuwa karibu sawa. Wengine waliusoma utafiti huo kama ushindi wa wanaohimiza kujinyima. Mimi nausoma kinyume. Maadamu faida inatokana na uzito kupungua, swali kubwa ni nani anaweza kuudumisha upungufu huo mwaka hadi mwaka; na jibu linategemea kengele ya njaa imepigwa kwa nguvu gani. Uchunguzi wa Uswidi ulioanza mwaka wa 1987, uliofuatilia watu wapatao 2,000 waliopasuliwa na wengine kiasi hicho waliotibiwa kwa njia za kawaida, ulionyesha mwaka wa 2007 kwamba waliopasuliwa walidumu na uzito mdogo zaidi kwa miaka mingi na kwamba vifo vyao vilikuwa vichache.

Nisije nikaeleweka kuwa napigia debe visu. Upasuaji huu ni wa watu wachache ambao unene wao ni ugonjwa mkali, na si mchezo. Aliyefanyiwa atahitaji vitamini na madini maisha yake yote. Vitamini B12 na chuma haviingii mwilini kama zamani. Ukosefu wa vitamini B1, hasa kwa anayetapika mfululizo, waweza kudhuru ubongo upesi na kwa ukali. Akinywa kitu kitamu sana huweza kutokwa na jasho, moyo ukamwenda mbio na kizunguzungu kikamshika. Katika nchi ya chai hili si jambo dogo, kwani kikombe chetu cha chai ya maziwa hakikamiliki bila vijiko kadhaa vya sukari. Na chai yenyewe, hata isiyo na sukari, huzuia chuma kisiingie mwilini ikinywewa pamoja na chakula au na vidonge. Mgonjwa wa Kericho lazima aambiwe atenge muda kati ya vidonge na kikombe.

Pombe pia. Baada ya upasuaji wa kuunganisha, pombe hupanda kichwani kwa haraka na kwa nguvu zaidi, na utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya ulevi yaliongezeka katika mwaka wa pili. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba kujidhuru huongezeka kwa baadhi ya waliopasuliwa. Uzito waweza kurudi kwa kiasi fulani. Ubongo uliobadilishiwa habari zitokazo tumboni hubadilika kwa namna nyingi, na si zote ni za kheri. Ndiyo maana mtu huyu anahitaji kufuatiliwa na watu wanaojua, karibu na kwao, si kupewa mkono wa buriani mlangoni mwa hospitali ya Nairobi na kupanda matatu kurudi Sotik.

Na hapa ndipo ninapotazama kilima cha Tenwek. Hospitali hiyo ya Bomet, iliyoanza kama zahanati ya misheni mwaka wa 1937, inajulikana mbali kwa upasuaji na kwa kuwatibu wagonjwa wa saratani ya umio, ugonjwa ulioonewa sana katika nchi hii ya nyanda za juu. Wagonjwa hao hawawezi kumeza hata uji, na madaktari huwawekea mrija mdogo kooni ili wapate kula tena. Hakuna mtu katika Bomet nzima anayemwuliza mgonjwa wa umio kwa nini hakujitia nidhamu. Tunamwita mgonjwa, tunamchangia harambee, tunamwombea. Umio na tumbo ni njia moja, zimepakana. Aliyeshindwa kula tunamhurumia. Aliyeshindwa kuacha kula tunamcheka.

Najua nitajibiwa kwamba nikiliondoa neno "ulafi" nitawapa watoto ruhusa ya kula ovyo. Sikubali. Chakula bora, maji badala ya soda, mchezo baada ya masomo na kutembea kwa miguu ni mambo ya kila mtoto, mnene kwa mwembamba, na humsaidia kila mmoja. Uchunguzi wa mapacha waliolelewa mbalimbali huko Uswidi, uliochapishwa mwaka wa 1990, ulionyesha kwamba uzito wao ulifanana ingawa walikulia nyumba tofauti. Urithi ni sehemu kubwa ya mambo, na mazingira ndiyo yanayouamsha. Kwa hiyo tuyashughulikie mazingira. Aibu haijathibitika kumkondesha mtoto yeyote. Humfanya aache kuinua mkono darasani.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina pendekezo la kikazi. Somo la msamiati wa hisi na mwili laweza kufundishwa kwa maneno manne: njaa, uchu, shibe, kinaa. Wanafunzi watunge sentensi, wajadili tofauti zake, waulize nyanya na babu zao nyumbani jinsi zinavyosemwa kwa Kipsigis, wazilete darasani. Neno "ulafi" lifundishwe pia, katika maana yake halisi: mtu aliyenyakua mnofu wa mwenzake, au kiongozi aliyekula fedha za umma. Huko limepata kazi ya kutosha.

Na kwa sisi wa vyuo vikuu liko deni zito zaidi. Yule mwalimu wa Bureti alipewa na hospitali moja fomu ya kukubali upasuaji yenye kurasa 6, yote kwa Kiingereza. Yeye alisoma akaelewa, kwa kuwa ni mwalimu. Mchumaji wa majani chai angetia kidole gumba juu ya kurasa zile bila kujua kwamba kuna vidonge vya maisha yote, kwamba chai itabidi isubiri, kwamba pombe itakuwa hatari mpya. Tuna istilahi za homoni na umetaboli, tuna wahitimu wa tafsiri wasio na kazi, na tuna idara za isimu na za lugha zinazoweza kuketi na madaktari na wauguzi wa Kericho, Kapkatet, Longisa na Tenwek na kutoa maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Kazi hiyo ni ya muhula mmoja, nami niko tayari kuianza Januari ijayo pamoja na yeyote atakayejitokeza.